Picha Moja ya Ubongo Haitoshi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, tukiitolea mifano ya ndugu anayemsaliti nduguye na mtumishi anayemwibia bwana wake. Mimi nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini katika shule moja iliyo kando ya Barabara ya Jogoo, jijini Nairobi, wala sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeiona ikiwa imechorwa, kwa rangi nyeupe na nyeusi, katika picha ya ubongo wa mwalimu mwenzangu.

Mwalimu huyo, ambaye simtaji jina kwa kumstahi, ni mama wa watoto wawili na mkazi wa mtaa wa Umoja. Somo lake ni Hisabati. Miaka michache iliyopita alianza kuangusha chaki. Tulimcheka, naye akacheka pamoja nasi. Kisha, asubuhi moja katika chumba cha walimu, akanisogelea na daftari la mwanafunzi mkononi, akaniambia, "Mwalimu, hebu nisomee hapa. Jicho hili la kushoto limeingia ukungu."

"Ni uchovu, Mwalimu," nikamjibu. "Umesahihisha mno jana. Pumzika."

Ukungu ule ulitoweka baada ya majuma kadhaa, na sote tukausahau. Baadaye ganzi ikamwingia miguuni. Akawa anapanda ngazi za orofa ya pili akishikilia ukuta, na jua la adhuhuri ndani ya matatu likimpiga, alishuka akipepesuka. Wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anakunywa pombe. Jirani mmoja akasema amerogwa. Mwalimu mkuu naye akaanza kuhesabu siku anazokosa kufika kazini. Katika zahanati za mtaani alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, akauziwa miwani na chupa za vitamini. Hakuna aliyeunganisha jicho la mwaka juzi na miguu ya mwaka huu, maana kila tabibu alikiona kiungo kimoja tu na kumwandikia dawa ya kiungo hicho.

Aliyeviunganisha ni daktari mmoja wa hospitali ya umma. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akammulika machoni, akamwuliza maswali kwa muda mrefu, kisha akaandika karatasi ya kwenda kupigwa picha ya MRI ya kichwa na ya uti wa mgongo. Bei aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko kodi ya nyumba yake ya miezi miwili. Tukafanya harambee palepale chumbani mwa walimu. Alichanga mwalimu, akachanga mpishi, akachanga bawabu, na fedha zikatimia.

Majibu yalipotoka, ugonjwa ukapata jina: maltipo sklerosisi, au MS kwa ufupi. Maana ya jina hilo ni makovu mengi. Hebu tuyaeleze maradhi haya kwa lugha ya darasani. Nyuzi nyingi za neva katika ubongo wetu zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, kama vile waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Katika MS, askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuishambulia ala hiyo. Waya ukichubuka, umeme hupita kwa kusuasua au haupiti kabisa. Waya wa jicho ukichubuka, jicho huingia ukungu. Wa mguu ukichubuka, mguu hufa ganzi. Joto la mwili likipanda, waya uliochubuka huzidi kushindwa, na ndiyo sababu mwenzetu alipepesuka akitoka juani. Shambulio likipoa mgonjwa hupata nafuu, akadhani amepona, kumbe kovu limebaki. Hicho ndicho kikulacho kilicho nguoni mwako.

Kwa miaka mingi makovu hayo hayakuweza kuonekana mgonjwa angali hai. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868 mjini Paris, alilazimika kungoja wagonjwa wake wafariki ndipo alinganishe dalili walizokuwa nazo na makovu aliyoyakuta ubongoni mwao. Mwaka 1971, mashine ya CT iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield ilitumika kwa mara ya kwanza kupiga picha ya ubongo wa mgonjwa mjini London. Hata hivyo, mashine hiyo hutumia eksirei, na eksirei huona mfupa na damu vyema kuliko inavyoona ala iliyochubuka. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kutengeneza picha kwa kutumia sumaku, na Mwingereza Peter Mansfield akaiendeleza njia hiyo hata ikawa ya haraka na ya kutumainika. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Wanafunzi wa Fizikia watafurahi kujua namna mashine hiyo ifanyavyo kazi. Miili yetu kwa sehemu kubwa ni maji, na kila chembe ya maji ina hidrojeni. Kiini cha hidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Mgonjwa akiingizwa ndani ya sumaku ya tesla 1.5, ambayo nguvu zake ni zaidi ya mara 20,000 ya sumaku ya dunia, visumaku hivyo hujipanga mstari kama wanafunzi gwarideni. Mashine kisha hutuma mawimbi ya redio, visumaku vikayumba, na vinaporudi mahali pake hutoa mawimbi ambayo mashine huyasikiliza na kuyageuza kuwa picha. Mawimbi yenyewe ni ya megahezi 64 hivi, chini kidogo tu ya stesheni za FM tunazozisikiliza kila asubuhi, ambazo huanzia 88. Kovu la MS hushika maji zaidi kuliko ubongo mzima ulio kando yake, kwa hiyo katika aina fulani za picha hung'aa kwa weupe. Mwenzetu aliniambia kwamba kelele za mle ndani zilimkumbusha mafundi wa Kariobangi Light Industries wakigonga mabati, ila kule Kariobangi mtu anaweza kuvuka barabara akaziepuka.

Mwaka 1981 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwapiga picha wagonjwa kumi wa MS kwa mashine zote mbili. CT ilionyesha makovu 19. MRI iliyaonyesha hayo na mengine 112. Tangu siku hizo hapana daktari wa neva aliye na mashine hii karibu ambaye angependa kuutambua ugonjwa huu bila ya kuitumia. Mwaka 2001 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali, likiongozwa na Ian McDonald, lilitoa kanuni za utambuzi, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Msingi wake wa awali ulikuwa maneno mawili: mahali na wakati. Ilikuwa lazima ithibitike kwamba ugonjwa umepiga sehemu zaidi ya moja, na kwamba kwa kawaida haukupiga mara moja tu. Ili kutofautisha kovu bichi na kovu la zamani, mgonjwa huweza kudungwa dawa iitwayo gadoliniamu. Kovu ambalo bado linawaka moto hung'aa, na lile kuukuu hubaki kimya.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Mwenzetu alianzishiwa dawa za kupunguza ukali wa shambulio, kisha dawa ya kudumu ya kuzuia mashambulio mengine. Akapata nafuu. Akarudi darasani, akapanda ngazi bila ya kushika ukuta, na chaki ikatulia mkononi. Sisi tukamshukuru Mungu na kulifunga faili hilo mioyoni mwetu. Baada ya mwaka mmoja daktari akamwandikia picha ya pili. Karatasi ya mchango ikaletwa tena chumbani mwa walimu. Safari hii ilizunguka kwa unyonge. Ilipofika mezani pangu nilitoa nilichotoa, kisha nikauliza kwa sauti ambayo yeye aliisikia, "Kwani ile ya kwanza haikutosha? Si alishajulikana anaumwa nini?"

Aliinama, akaendelea kusahihisha madaftari. Karatasi ile haikujaa. Picha ya pili haikupigwa mwaka ule.

Nimelitafakari swali langu lile mara nyingi, na kila nikilitafakari naliona kuwa ni swali la aibu kwa mwalimu. Ni mwalimu gani humpa mwanafunzi mtihani mmoja siku ya kuingia shule, kisha akakaa miaka mitatu bila ya kumpima tena, akiridhika kwamba mtoto ana afya na anavaa sare safi? Picha ya kwanza hujibu swali moja: mgonjwa huyu ana nini? Picha ya pili hujibu swali jingine ambalo kwa maisha yake huenda likawa kubwa zaidi: dawa hii inafanya kazi? Haya ni maswali mawili, na picha moja haiwezi kuyajibu yote.

Sababu ya kuhitaji picha ya pili ni kwamba maradhi haya ni mnafiki. Ubongo una sehemu nyingi ambazo zikipata kovu dogo mtu hahisi kitu. Madaktari wamegundua kwamba makovu mapya huonekana katika picha mara nyingi zaidi kuliko mgonjwa anavyopata mashambulio anayoyahisi. Mgonjwa anaweza kutembea vizuri, akala, akacheka, huku ndani makovu yakiongezeka na ubongo ukipungua ujazo kwa kasi inayopita ile ya kawaida ya umri. Siku dalili zitakapojitokeza, kilichopotea hakirudi. Picha ndiyo humwezesha daktari kuuziba ufa kabla ya kulazimika kuujenga ukuta. Hupiga picha moja mapema baada ya dawa kuanza kufanya kazi, ili iwe kipimo cha kulinganishia, kisha huzirudia kwa vipindi, aghalabu kila mwaka katika miaka ya mwanzo, akihesabu makovu mapya na yale yaliyopanuka. Yakizidi, dawa hubadilishwa.

Dawa zenyewe zilipata heshima kwa njia hiyohiyo. Intaferoni beta ilipoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1993, ikiwa dawa ya kwanza ya kuubadilisha mwenendo wa MS, mojawapo ya hoja zilizoipa nguvu ilikuwa picha za MRI: wagonjwa waliodungwa dawa walipata makovu mapya machache kuliko waliodungwa maji matupu. Tangu hapo, dawa mpya za maradhi haya kwa kawaida hupitishwa mbele ya mashine hiyo kabla ya kuaminiwa. Iwapo watengenezaji wa dawa hawaiamini dawa yao bila ya picha ya pili, kwa nini mgonjwa wa Umoja aiamini?

Mwenzetu alipigwa picha ya pili baada ya kupita miaka miwili. Nduguze waliuza ng'ombe. Alienda akitembea mwenyewe, akarudi akitembea mwenyewe, na picha ikaonyesha makovu mapya ambayo hakuwa ameyahisi hata moja. Dawa aliyokuwa akiinunua kwa jasho ilikuwa imeshindwa kimyakimya. Daktari alimhamishia rituksimabu, ambayo hutiwa mshipani kwa vipindi vya miezi. Anaendelea kufundisha. Lakini makovu yale ya miaka miwili ni yake daima, na mimi najua ni nani aliyeuliza swali chumbani mwa walimu.

Nisije nikaeleweka kana kwamba naiabudu mashine. Picha ni shahidi, si hakimu. Wapo wagonjwa wenye makovu mengi na ulemavu mdogo, na wapo wenye makovu machache na taabu kubwa, kwa kuwa kovu moja dogo katika uti wa mgongo laweza kumdhuru mtu kuliko makumi ya makovu yaliyomo ubongoni. Vilevile, si kila doa jeupe ni MS. Shinikizo la damu huacha madoa, viini vya maradhi huacha madoa, na kuna ndugu wa karibu wa ugonjwa huu, unaoshambulia hasa neva za macho na uti wa mgongo, ambao huwapata watu weusi zaidi kuliko weupe. Ndugu huyo ana kipimo chake cha damu kilichotokana na ugunduzi wa mwaka 2004, na baadhi ya dawa za MS, intaferoni ikiwemo, huweza kumzidishia mgonjwa wake madhara. Kwa hiyo picha bila ya daktari wa kuisoma, kumgusa mgonjwa na kumsikiliza, ni sawa na alama 40 zilizoandikwa juu ya karatasi ambayo jina la mtahiniwa limefutika.

Tatizo letu Kenya, basi, halimalizwi kwa kununua mashine pekee. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, mitambo ya picha ikiwemo, na baadaye Seneti ikachunguza malalamiko kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila ya kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au vyumba. Madaktari wa neva nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Ikiwa mkazi wa Kayole, Dandora au Kaloleni, aliye umbali wa nauli moja ya matatu kutoka kwao, hupotea miaka miwili kabla ya kuwafikia, atasemaje mkazi wa Mandera?

Hata hivyo, zipo dalili za kutia moyo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, rituksimabu ikiwa mojawapo. Hiyo ni hoja ambayo wagonjwa wetu wanaweza kuiweka mezani mwa wakubwa. Jirani zetu wa Uganda nao wametupa somo. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliiunganisha kwa mikono yao mashine ndogo ya MRI kwa ajili ya watoto wenye vichwa maji. Sumaku yake ni dhaifu takriban mara 30 kuliko ile niliyoieleza, wala haikutengenezwa kwa maradhi ya mwenzetu. Lakini ilijengwa Afrika Mashariki, na vijana wa Afrika Mashariki wakajifunza kuifungua na kuifunga. Nani ajuaye kama kijana wa Jericho anayekarabati redio kando ya barabara si yeye atakayeiboresha?

Wapo watakaosema kwamba MS ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba tuna malaria na kifua kikuu vya kutushughulisha. Ni kweli kwamba umeenea zaidi katika nchi za baridi; mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao, na wengi wao ni wa Ulaya na Marekani. Lakini ugonjwa unaohitaji mashine ili uonekane utakuwa haba daima pale ambapo mashine ni haba. Mwenzetu alihesabiwa miaka miwili miongoni mwa wagonjwa wa malaria. Ni wangapi wengine waliohesabiwa hivyo, au wakahesabiwa miongoni mwa walevi na waliorogwa?

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni moja. Bima ya afya ya umma, ambayo tangu Oktoba 2024 imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iihesabu picha ya kufuatilia matibabu kuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Dawa ghali isiyopimwa ni fedha zilizomwagwa mchangani.

Kwenu walimu wenzangu, mkimwona mwenzenu au mwanafunzi ambaye jicho lilimsumbua, likapona, kisha mguu ukafuata, msiseme ni uvivu. Mshaurini amweleze daktari habari zote mbili kwa pamoja, ya jicho na ya mguu, na tarehe zake. Nanyi wanafunzi mnaolikimbia somo la Fizikia kwa kudhani halina faida mtaani, kumbukeni kwamba sumaku na redio ndizo zilizomrudisha mwalimu wenu wa Hisabati ubaoni.

Mwaka huu karatasi ya mchango imeletwa tena chumbani mwa walimu, kwa ajili ya picha yake ya tatu. Nilikuwa wa kwanza kuandika jina langu. Alipita kando ya meza yangu akaichungulia, akasoma jina na kiasi kwa jicho lake la kushoto, wala hakusema neno.